Nani Anagawa Mawimbi ya Hewani?

Mazungumzo ya wakili mmoja wa Mombasa mbele ya wanaharakati na waumini, Mji wa Kale



Nimealikwa kuzungumzia mali isiyoonekana kwa macho wala kushikika kwa mkono. Vijana wa hapa Mji wa Kale waliponijia wakitaka kuanzisha redio ya mtaa, swali lao la kwanza lilikuwa hili: ni kweli kwamba masafa ya Mombasa yamekwisha? Niliwajibu kwamba huenda ni kweli. Wakauliza la pili, nalo ndilo lililonikaa moyoni: yamekwisha mikononi mwa nani?

Tuanze na Ndia Kuu, njia tuipitayo kila siku. Mikokoteni miwili ikikutana pale penye wembamba, mmoja hurudi nyuma, ama yote miwili hukwama. Mawimbi ya redio nayo ni hivyo. Vituo viwili vikirusha kwa masafa yale yale na kwa nguvu zile zile ndani ya mji mmoja, msikilizaji hapati hiki wala kile; hupata mikwaruzo. Ukanda wa FM huanzia megahezi 87.5 na kukoma 108. Vituo vya mji vikiachana kwa megahezi 0.4, kama wafanyavyo wahandisi mara nyingi, nafasi zote ni hamsini na moja hivi. Na mara tu baada ya 108 huanza masafa ya kuongozea ndege. Mtambo mbovu juu ya paa la nyumba ya Kibokoni waweza kumtaabisha rubani anayeutafuta uwanja wa Moi kule Port Reitz. Baharini nako, chaneli ya 16, yaani megahezi 156.8, ni ya wito wa dharura, na nahodha mwenye adabu haigeuzi kuwa baraza ya soga.

Mawimbi hayana pasipoti. Hapa pwani hupita juu ya maji hadi Pemba na Tanga, na ya huko hutufikia sisi. Ndiyo maana mataifa ya Afrika na Ulaya yalikubaliana Geneva mwaka 1984 juu ya mpango wa masafa ya FM. Kwa hiyo mimi si miongoni mwa wanaosema kila mtu na ajirushie apendavyo. Msimamizi hana budi awepo. Ninachouliza ni kwamba msimamizi huyo anamtumikia nani.

Wa rika langu watakumbuka. Nilikuwa mtoto mwaka 1992, uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi baada ya kufutwa kwa kifungu cha 2A Desemba 1991. Taarifa ya habari ya redio ya taifa ilianza na Mtukufu Rais: amefungua nini, amemhutubia nani. Sheria ya Shirika la Utangazaji ililitaka shirika ligawe saa za matangazo kwa haki baina ya maoni ya kisiasa yanayotofautiana, lakini sheria ilikaa kabatini. Wazee wa barazani walikuwa na dawa yao: jioni walizungusha kitufe mpaka masafa mafupi, wakasikiliza London au Cologne. Masafa mafupi hudunda kwenye tabaka za juu za anga na kurudi ardhini maelfu ya maili mbali, na hapakuwa na swichi Nairobi ya kuyazima. Tulikuwa tukisikia habari za Mombasa kutoka Ulaya, na hakuna aliyeona ajabu.

Ugawaji wa siku hizo haukuwa na siri kubwa. KTN, kituo cha kwanza cha televisheni ya binafsi, kilifunguliwa mwaka 1990 na kampuni ya gazeti la chama tawala chenyewe. Kundi la Nation, lililokuwa na magazeti yanayosomwa nchi nzima, lilingoja karibu muongo mzima. Redio yake ilisikika mwaka 1999. Hapakuwa na kanuni ya kumwonyesha mwombaji kwa nini huyu amepewa na yule akanyimwa. Shirika la Posta na Simu lilikuwa mfanyabiashara wa simu na msimamizi wa mawimbi kwa wakati mmoja, mpaka Sheria ya Mawasiliano ya mwaka 1998 ilipotenganisha kazi hizo na kuunda Tume ya Mawasiliano.

Katiba ya 2010 ilibadili lugha. Ibara ya 34 yasema uhuru wa kuanzisha vyombo vya utangazaji hufungwa na utaratibu wa leseni tu, na utaratibu huo uwe wa lazima kwa kusimamia mawimbi, tena usiwe chini ya serikali, wanasiasa wala wafanyabiashara. Someni neno hilo la mwisho mara mbili: hata tajiri ametajwa. Septemba 2014, katika kesi ya Royal Media na wenzake kuhusu kuhamia televisheni ya dijitali, Mahakama ya Juu ilisema Tume ile ya zamani haikuwa chombo huru kinachotakiwa na Ibara hiyo. Mahali pake palikuwa pameshachukuliwa na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya.

(Niingize la kiwakili hapa. Ibara ya 260 inautaja mwanga wa jua miongoni mwa maliasili, lakini mawimbi ya redio haikuyataja. Wapo wanaoliona hilo kuwa pengo. Mimi naona mlango uko wazi, kwa sababu Ibara ya 259 yasema neno "ikiwemo" halifungi orodha.)

Je, jina jipya lilileta tabia mpya? Tarehe 30 Januari 2018, upinzani ulipomwapisha Raila Odinga katika bustani ya Uhuru, Citizen, NTV na KTN News zilizimwa. Mahakama Kuu iliamuru tarehe 1 Februari zirudishwe, lakini siku zilipita kabla ya amri kutiiwa. Tarehe 25 Juni 2025, siku ya maandamano, Mamlaka iliagiza vituo viache kuyatangaza moja kwa moja. Mitambo ikazimwa, na Mahakama Kuu ikasimamisha agizo siku hiyo hiyo. Anayegawa masafa ndiye aliye karibu na swichi. Kwa hiyo mkiona redio zetu kadhaa zinapiga muziki tu jambo kubwa likitokea mjini, msiwalaumu watangazaji peke yao. Mwenye leseni huihesabu miaka iliyobaki.

Narudi kwa vijana wetu. Sheria inatambua utangazaji wa aina tatu: wa umma, wa kibiashara na wa jamii. Redio ya jamii haihitaji kusikika Voi. Mtambo mdogo unaotosha Kibokoni, Kuze na Makadara unaweza kuingia mahali ambapo mtambo mkubwa haungii. Nairobi wameliona hilo: Koch FM ya Korogocho na Pamoja FM ya Kibera zimetumia masafa yale yale, 99.9, kila moja mtaani kwake. Basi "yamekwisha" si jibu mpaka tuambiwe yamekwisha kwa nguvu gani za mtambo.

Tena maombi ya leseni hutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, na mwananchi hupewa siku thelathini za kuleta pingamizi au maoni. Ni nani hapa amewahi kupeleka? Nami sijawahi, na ni wakili. Makanisa na misikiti yetu ina makatibu wanaosoma barua kila wiki. Naomba kila mahali achaguliwe mmoja wa kulisoma gazeti hilo.

Nimeandika barua kwa Mamlaka chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016, inayodai jibu ndani ya siku 21. Tunauliza ni nani wanaoshika masafa ya FM ya Mombasa na tangu mwaka gani. Ni yapi kati yake hayasikiki hewani. Ni nani wenye kampuni hizo. Na kama upimaji umefanywa wa mtambo mdogo kwa ajili ya kisiwa hiki. Barua iko juu ya meza karibu na mlango. Atakayetia sahihi aandike jina lake kamili kwa herufi zinazosomeka. Nitaipeleka Jumatatu asubuhi, na siku ya ishirini na mbili tukutane hapa hapa, jibu liwe limekuja au halikuja.