Wajibu wa Mwenye Kulisha Paka wa Mitaani



Jioni ya leo nataka kusema nanyi juu ya jambo ambalo wengi hulidhani dogo, nalo ni kulisha paka wasio na wenyewe. Apitaye Lamu, Mombasa au Mji Mkongwe wa Unguja hawezi kukosa kuwaona. Hulala juu ya baraza, hukaa pwani wakingojea mashua za wavuvi, na magharibi hukusanyika mlangoni pa yule bibi au bwana awatupiaye vichwa vya samaki.

Huruma hiyo ni tabia njema, wala sikusudii kuikataza. Walakini wahenga walisema, Tenda wema nenda zako. Kwa wanadamu shauri hilo lafaa sana; kwa paka wa mitaani halitoshi. Atendaye wema huu hana ruhusa ya kwenda zake.

Fikirini hesabu hii. Paka jike aweza kushika mimba akiwa na umri wa miezi mitano hivi, na mimba yake huchukua kadiri ya miezi miwili tu. Tuseme azaa mara mbili kwa mwaka, watoto wanne kila mara. Hao ni wanane, na kabla ya mwaka kuisha huenda baadhi ya binti zake nao wamekwisha kushika mimba. Sahani iliyowashibisha paka watatu sasa yagombewa na kumi. Wadogo hufa kwa njaa na maradhi, na wakubwa hupigana usiku kucha. Basi mtu alitaka kupunguza njaa, naye ameiongeza.

Kisha huja ugomvi wa majirani. Mabaki ya samaki yakiachwa njiani huleta nzi, harufu mbaya na panya, na mchanga wa uani hugeuka choo cha paka. Jirani huchukia, na chuki yake haimwangukii aliyetupa chakula, bali humwangukia mnyama: atapigwa mawe, au atategewa sumu. Tanzania Bara ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na Kenya ina Sura ya 360 ya sheria zake. Zote mbili hukataza kutesa wanyama. Lakini sheria humfikia mkosaji baada ya paka kufa. Ni afadhali kuondoa sababu ya chuki mapema.

Yampasa nini, basi, mwenye kulisha?

Kwanza, achague saa moja na mahali pamoja, mbali na mlango wa jirani, kisima, shule na nyumba ya ibada, naye apatane na majirani kabla ya kuanza. Aweke chakula kiasi cha kuliwa kwa nusu saa, kisha aondoe mabaki na kuosha sahani. Maji safi ni bora kuliko maziwa ya ng'ombe, ambayo huwaharisha paka wengi wakubwa. Mifupa ya kuku iliyopikwa isitolewe, kwa kuwa huvunjika vipande vyenye ncha kali.

Pili, na hili ndilo kubwa kuliko yote, azuie uzazi. Daktari wa mifugo humhasi dume na kumfunga jike kizazi, na mara nyingi hukata ncha ya sikio moja ili paka huyo asikamatwe tena bure. Gharama ikimshinda mtu mmoja, watu wa mtaa wachange. Kuwakamata paka na kuwatupa mbali si dawa, maana maadamu chakula kingalipo, wengine huja kushika nafasi yao.

Tatu, awapeleke kuchanjwa kichaa cha mbwa, kwani paka naye aweza kuumwa na mbwa mgonjwa akaupata ugonjwa huo na kuupitisha kwa mtu. Mtoto akiumwa au akikwaruzwa na paka, jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka, muda wa dakika 15, kisha apelekwe hospitali siku ile ile. Tangu Louis Pasteur alipoanza kuwachanja watu mwaka 1885, dawa ya kuukinga ugonjwa huu ipo. Lakini dalili zikiisha kuonekana, ni nadra sana mtu kupona. Kungoja ni kuhatarisha roho.

Nne, asiache ghafula. Paka waliozoea mkono mmoja hukaa wakiungojea. Akisafiri, amweke mtu mwingine badala yake.

Waislamu wa pwani hii wanaijua hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu alimfungia paka, asimpe chakula wala asimwache akajitafutia mwenyewe. Maana yake humfaa kila mtu wa kila dini: uliyemtia mkononi mwako, umechukua dhamana yake.

Kwa hiyo asiyeweza kulisha kumi, na alishe wawili, awatunze sawasawa. Huyo amefanya jema kuliko awatupiaye ishirini ovyo, kisha akafunga mlango.