KUMTESA MSIMAMIZI SI KAZI YA CHAMA

(Maneno ya mwakilishi wa wafanyi kazi mbele ya mkutano wa tawi)



Kila mara twasema juu ya mkubwa anayemwonea mfanyi kazi, na ni haki tuseme. Leo nataka kusema juu ya msimamizi anayeonewa na watu walio chini yake. Si habari ya kusikia. Mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wa waonevu.

Zamani nilifanya kazi katika kiwanda kimoja, chumba cha kufunga mizigo. Mama mmoja, aliyekaa nasi meza moja kwa miaka mingi, alifanywa msimamizi wa zamu. Tangu siku ile tukamwita kibaraka wa tajiri. Akitoa amri, twajifanya viziwi. Akija mahali pa chai, twanyamaza wote. Akigeuka, mtu apiga mluzi. Mwisho tukaficha daftari lake la zamu ili akaripiwe na meneja.

Akakaripiwa, tukacheka. Lakini mwisho wa mwezi hatukucheka. Katika daftari lile ndimo alimoandika saa zetu za ziada, bila kumpunja mtu. Aliyelificha alikuwa ameingiwa na hofu akalichoma, na saa zile hazikulipwa. Yule mama akaomba arudishwe mezani. Akaletwa msimamizi wa nje, asiyemjua hata mmoja wetu. Tungelalamika kwa nani, na kwa ushahidi gani?

Ndugu zangu, kudai haki na kumtesa mtu ni mambo mawili. Anayedai haki husema waziwazi, hutaja kosa, na hutaka litengenezwe. Anayetesa hujificha nyuma ya wenzake, wala hana analolitaka ila kumwona mtu ameanguka.

Tena tunampa tajiri rungu. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, fungu la 44, inamruhusu kumfukuza mara moja anayemtukana mkubwa aliyewekwa juu yake. Ni kweli fungu la 41 linakupa haki ya kusikilizwa kwanza, pamoja na mwenzako au mwakilishi wa chama. Lakini mimi nikikaa karibu nawe siku hiyo, nitakutetea kwa neno gani ikiwa ulimtukana mtu mbele ya watu ishirini?

Msimamizi akikosa, njia iko. Mkataba wa Uhusiano Kazini wa mwaka 1962, uliotiwa sahihi na serikali, waajiri na wafanyi kazi wa Kenya, ulikusudia magomvi yamalizwe kwa mazungumzo. Mwambie mwakilishi wako. Andika siku, saa na jambo lenyewe. Lisipomalizika kiwandani, chama kitalipeleka mbele.

Na msimamizi naye ni mtu. Mkataba namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2019, unakataza mateso kazini, na unawalinda hata wale wanaoshika madaraka ya mwajiri. Hatuwezi kudai heshima kwa mkono mmoja na kuinyima kwa mkono wa pili.

Yule mama nilimwomba radhi, lakini nilichelewa. Alinijibu neno moja tu: "Nilidhani nyinyi ni wenzangu."

Kesho mwenzenu akipandishwa cheo, mpeni mkono. Akiwaonea, njoni chamani.