Haki ya Chanzo: Juu ya Kutaja Marejeleo katika Taaluma za Kiswahili



Wizi wa kitaaluma hufundishwa mara nyingi kama suala la adabu: andika jina la mwandishi, mwaka na ukurasa, usije ukaadhibiwa. Leo napenda tulitazame suala hili kwa upande wa ukweli. Marejeleo ndiyo njia anayoachiwa msomaji ya kurudi hadi kwenye chanzo na kupima tuliyoyasema.

Tuchukue mfano wa Liparamba, kata ya kusini mwa Mkoa wa Ruvuma, karibu na mpaka wa Msumbiji. Maandishi ya kabla ya mwaka 2012 huiweka katika Wilaya ya Mbinga. Ya baadaye huiweka katika Wilaya ya Nyasa, iliyomegwa kutoka Mbinga. Kauli zote mbili ni sahihi, kila moja kwa wakati wake. Anayenakili mojawapo bila kutaja chanzo na mwaka humwachia msomaji fumbo ambalo tarakimu nne tu zingelifumbua.

Historia ya taaluma yetu ina mifano ya pande zote mbili. Kamusi ya Kiswahili na Kiingereza ya mwaka 1939, iliyosimamiwa na Frederick Johnson, inatamka wazi kuwa imejengwa juu ya kamusi ya Madan. Kukiri huko hakukuipunguzia hadhi hata chembe. Kwa upande mwingine, kitabu cha Desturi za Wasuaheli kilitoka mwaka 1903 kwa jina la mhariri wake, Carl Velten, ingawa sehemu kubwa ya maelezo yake ni ya Mtoro bin Mwinyi Bakari. Ilipochapishwa tafsiri ya Kiingereza ya J. W. T. Allen mwaka 1981, ndipo jina la Mtoro lilipoingia katika anwani ya kitabu. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Lakini haki hiyo ilichukua miaka 78.

Je, sisi tumejirekebisha? Mwanafunzi huenda Mbinga kukusanya msamiati wa ngolo, kilimo cha mashimo cha Wamatengo. Bibi mkulima humweleza jinsi nyasi zilizofyekwa zinavyolazwa kwa mistari inayokatana, udongo wa katikati ukachimbwa na kuzifunika, likabaki shimo la kuzuia maji ya mvua yasiporomoshe mlima. Katika tasnifu, maarifa hayo yote huwa "wenyeji husema". Wenyeji gani? Mkulima wa milimani huenda anasema Kimatengo, na mvuvi wa Mbamba Bay Kinyanja au Kimanda. Chanzo kikifutwa, maneno ya lugha tofauti hutiwa katika kapu moja, na mtunga kamusi wa kesho hurithi kosa asiloweza kuligundua. Kwa hiyo tuandike jina la msimulizi, kijiji, lugha na tarehe ya mahojiano. Asiporidhia kutajwa, jina lake lifichwe kwa alama, lakini lugha na tarehe zibaki, na kijiji pia iwapo hakitamfichua.

Uko pia wizi unaojificha ndani ya tafsiri. Mtu huchukua aya ya Kiingereza, akaifasiri kwa Kiswahili fasaha, kisha akaihesabu kuwa yake kwa sababu maneno ni yake. Maneno ni yake. Hoja si yake. Kwa kuwa sehemu kubwa ya maandishi ya isimu tunayoyasoma ni ya Kiingereza, kishawishi hiki kinatuhusu sisi zaidi ya wengi. Dawa yake ni nyepesi: mtaje mwandishi, kisha eleza kuwa tafsiri ni yako.

Wanafunzi wapenzi, marejeleo hayaanzi usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha kazi. Yanaanzia katika daftari, pale unapoandika neno la kwanza ulilolisikia au kulisoma. Kando ya neno hilo, andika limetoka kwa nani.