Moto, Samaki na Swali

Neno letu la leo latoka Injili ya Yohana, sura ya 21.

Petro alikuwa amemkana Bwana wake mara tatu. Wakakutana tena ufuoni, alfajiri. Je, Bwana alianza na lawama? La. Alikuwa amekwisha kuwasha moto na kuoka samaki, akawaita wale. Walipokwisha kula, ndipo alipomwuliza Petro swali, hata mara tatu. Na kila alipojibiwa alimpa kazi, ya kulitunza kundi lake.

Twawaza habari hiyo kwa ajili ya watoto wetu wa sekondari msingi, gredi ya 7 hadi ya 9, ambao tangu Januari 2023 wameanza kusoma katika viwanja vya shule za msingi. Umri wao mwaujua. Si watoto wadogo, wala si watu wazima. Jana alimlilia mama. Leo hataki mama amsindikize hadi langoni.

Wengi wetu tulifunzwa kwa kiboko. Kiboko kilipigwa marufuku katika shule za Kenya mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ikakikataza. Twashukuru. Lakini shamba lililong'olewa magugu bado halijapandwa.

Asubuhi moja ya baridi hapa Eldoret tulialikwa kuongoza sala katika shule moja. Langoni tulimkuta mvulana wa gredi ya 8 amepigishwa magoti kwenye changarawe kwa kuchelewa. Tulimpita. Tukaingia, tukahubiri juu ya upendo. Jambo hilo latusuta hata leo.

Baadaye mwalimu mmoja alimwita, akampa kikombe cha chai, akamwuliza. Kumbe siku za soko mvulana yule humsaidia mama yake kusukuma mkokoteni wa mboga kabla ya masomo. Kwa haya, siku zote alisema amelala kupita kiasi. Mwalimu akazungumza na mama, na mvulana akapewa kazi ya kupiga kengele. Hakuacha kuchelewa siku ile ile. Aliloacha kwanza ni uongo.

Hatusemi kosa liachwe. Petro aliulizwa mpaka akahuzunika. Aliyevunja dirisha na asaidie kulitengeneza. Aliyemtukana mwenzake na aketi naye wapatane. Lakini kanuni za shule na ziwe chache, nazo zifundishwe kama hesabu, kwa kurudiarudia, si kubandikwa ukutani tu. Mwalimu na asimame langoni awasalimu watoto kwa majina yao. Anayetenda mema na aambiwe wazi ni jema gani alilotenda. Nasi wazazi tufanye vivyo hivyo nyumbani, maana mtoto hawezi kulelewa kwa heshima mchana na kwa matusi usiku.

Ndugu, kesho mtoto wako atakosa. Kabla ya kuinua mkono, kumbuka ufuo ule: kwanza moto na samaki, kisha swali, kisha kazi.

Tuombe. Ee Bwana, uliyemwandalia chakula mtu aliyekukana, utusamehe watoto tuliowapita langoni. Utupe subira ya kuuliza na masikio ya kusikia. Amina.