Amri ya Nane na Habari za Bitcoin
Mada iliyotolewa kwa viongozi wa walei, Moshi



Ndugu wapendwa, Tume ya Haki na Amani imezoea kuwaita kuzungumza juu ya mashamba, mirathi na haki za wajane. Leo tunazungumza juu ya jambo linaloonekana kuwa geni: fedha ya kompyuta iitwayo Bitcoin na athari zake kwa mazingira. Vijana wetu huisikia katika simu zao, nao huambiwa mambo mawili yanayopingana. Wengine husema inaiangamiza dunia. Wengine husema ni safi kabisa, tena inaiokoa. Amri ya Nane inatukataza kusema uongo, wala haituruhusu kuusema kwa ajili ya shabaha njema, hata iwe ni kuyatunza mazingira.

1. Neno "kuchimba"

Sisi majirani wa Mirerani tukisikia habari za wachimbaji wa Bitcoin twafikiri mashimo na vumbi. Hakuna udongo unaochimbwa. Bitcoin, iliyoanza Januari 2009, ni daftari la hesabu linalotunzwa kwa pamoja na kompyuta nyingi duniani, pasipo benki kuu. Kila baada ya dakika 10 hivi ukurasa mpya wa daftari hilo hufungwa. Ili kupata haki ya kuufunga, mitambo hushindana kubahatisha namba, na mshindi hulipwa Bitcoin mpya. Mashindano hayo hula umeme, na hiyo ni kwa makusudi: gharama hiyo ndiyo inayomzuia mdanganyifu asigeuze hesabu zilizokwisha kuandikwa.

2. Uongo wa kutia chumvi

Katika taarifa ya mwaka 2025, wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, walikadiria kwamba uchimbaji huu hutumia uniti bilioni 138 za umeme kwa mwaka. Kiasi hicho kinazidi mara kadhaa umeme wote unaozalishwa katika nchi yetu. Papo hapo, ni karibu nusu ya asilimia moja ya umeme wa dunia nzima. Yote mawili ni kweli. Anayetaja moja na kulificha la pili amesema nusu ya ukweli.

Mwaka 2018 jarida la Nature Climate Change lilichapisha makala iliyodai kwamba Bitcoin peke yake ingeweza kuongeza joto la dunia kupita nyuzi 2 katika muda usiofika miaka 30. Dai hilo lilienea haraka. Mwaka 2019 jarida lilelile lilichapisha majibu ya wataalamu wengine, walioonyesha kwamba hesabu ile ilisimama juu ya makisio yasiyoaminika. Jibu halikuenea kama dai lilivyoenea.

Kosa moja linalorudiwa ni kuugawa umeme wote kwa idadi ya malipo, kisha kusema kwamba kila malipo yanateketeza kiasi fulani. Basi la Marangu huchoma mafuta yaleyale karibu, liwe na abiria watano au thelathini. Kinachoongeza umeme wa Bitcoin hasa ni bei yake: ikipanda, mitambo huongezeka, ikishuka, mingine huzimwa.

Na mtu akikuambia kwamba Bitcoin ndiyo iliyoyeyusha barafu ya Kibo, mwonyeshe miaka. Kati ya 1912 na 2007 mlima wetu ulipoteza takriban asilimia 85 ya eneo la barafu yake, na Bitcoin ilikuwa haijazaliwa. Kumsingizia asiyehusika ni kumwachia huru anayehusika.

3. Uongo wa kusafisha

Upande wa pili nao una watetezi wanaosema kwamba Bitcoin hutumia umeme safi tu. Taarifa ileile ya Cambridge inasema kwamba zaidi kidogo ya nusu ya umeme huo hautokani na makaa, gesi wala mafuta, tena kwa majibu ya wachimbaji wenyewe. Sehemu iliyobaki huchafua hewa. Mitambo nayo huchakaa na kugeuka takataka.

Tuangalie mifano miwili. Katika Hifadhi ya Virunga, Kongo mashariki, uchimbaji ulianza mwaka 2020 kwa umeme wa maporomoko ya Luviro. Watalii walikuwa wamekoma kwa sababu ya Korona, na kituo kilikuwa na umeme usio na mtumiaji. Mapato yakaisaidia hifadhi. Lakini mwaka 2021, China ilipopiga marufuku uchimbaji, wachimbaji wengi walihamia Kazakhstan, nchi ambayo umeme wake mwingi hutoka katika makaa ya mawe. Umeme ukapungua kwa wananchi, na mapema mwaka 2022 wachimbaji wakakatiwa.

Wazee wetu walituachia kipimo cha kuhukumu mambo haya, nacho ni mfongo. Maji ya mfongo yana zamu. Anayetumia ziada inayorudi mtoni hamdhulumu mtu. Anayefungua maji katika zamu ya mjane anaiba, hata kama maji ni safi. Kwa hiyo hata pale Virunga swali la haki halikwishi: nyaya zikiwafikia wanavijiji wapikao kwa mkaa wa msitu huohuo, je, mitambo itawapisha?

4. Wajibu wetu

Kabla ya kurudia habari hizi kanisani, sokoni au katika simu, kiongozi na aulize: Umeme umetoka wapi? Ni zamu ya nani? Msemaji ananufaikaje nikimwamini? Swali la tatu ni zito. Anayekuja kwenye VICOBA yenu akihubiri fedha "rafiki wa mazingira" ili mmkabidhi akiba ya kahawa na ndizi, anatumia usafi wa umeme kuficha jambo lingine. Umeme safi si dhamana ya fedha zenu. Tuliona mwaka 2009, katika sakata la DECI, jinsi ahadi ya faida ya haraka inavyowaliza waamini. Na mwaka 2019 Benki Kuu iliwatahadharisha wananchi juu ya fedha za aina hii.

Papa Fransisko, katika waraka Laudato Si' wa mwaka 2015, alitaka mjadala wa kweli na wa wazi juu ya mazingira. Mjadala huo hauwezi kujengwa juu ya uvumi. Mungu awabariki.

Maswali ya kujadili katika jumuiya:
1. Ni habari gani juu ya Bitcoin mliyoisikia na kuipokea bila kuuliza?
2. Katika kijiji chetu, nani hutumia maji au umeme katika zamu ya mwingine?
3. Jumuiya itawasaidiaje vijana kupima wanayosoma kabla ya kuyasambaza?