Akipigwa na mpenzi, asiogope kurudi nyumbani

Myamba iko juu milimani, katika Wilaya ya Same, Upare wa kusini. Huko tangawizi ndiyo inayolipa ada. Wakati wa mavuno wazazi huwa shambani tangu alfajiri, na wanafunzi hupanda na kushuka vilima kwenda shule. Baadhi ya watoto hao wanalelewa na bibi, kwa kuwa baba na mama wako Dar es Salaam au Moshi wakihangaikia riziki. Kwa hiyo wewe unayenisikiliza mjini, usidhani habari hii ni ya wengine.

Huko milimani mama mmoja aliniuliza hivi: "Binti yangu wa kidato cha pili amepigwa makofi njiani na mvulana. Nikimuuliza ananiambia niyaache, eti yule ni mpenzi wake. Nifanye nini?"

Wengi wetu jibu letu ni fimbo. Baba anafoka: "Nani alikutuma uwe na mvulana?" Binti anapigwa mara ya pili, safari hii nyumbani kwao. Kuanzia siku hiyo hasemi tena. Na yule mvulana analijua hilo fika. Silaha yake kubwa si kofi, bali ni maneno haya: "Ukisema, baba yako atakuua." Mzazi anayempiga mtoto aliyekuja kushtaki anamthibitishia kwamba mvulana alisema kweli.

Ndugu wasikilizaji, kunyamaza kuna gharama. Wenye umri wangu wanamkumbuka Levina Mukasa, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Aliandamwa na kudhalilishwa na kikundi cha wanafunzi wa kiume kilichojiita Punch, na Februari 1990 akajiua. Chama cha Wanahabari Wanawake, TAMWA, kilipaza sauti, na nchi ikashtuka. Lakini mshtuko ulikuja baada ya mazishi. Aidha, utafiti wa kitaifa uliofanyika mwaka 2009 ulionyesha kuwa karibu wasichana 3 katika kila 10 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Karibu nusu yao hawakumwambia mtu yeyote.

Basi familia ifanye nini?

Kwanza, isikilize. Mwambie mtoto: "Umefanya vema kuniambia." Suala la kuwa na mpenzi akiwa shuleni mtalizungumza siku nyingine, jeraha likipoa. Wala usimwachishe shule, maana hapo utakuwa umemwadhibu aliyepigwa na kumwacha aliyepiga akiendelea na masomo.

Pili, zijue dalili. Mvulana anayemkataza kuongea na wenzake, anayekagua simu yake, anayemtisha kwamba atasambaza picha zake, huyo ameshaanza. Binti atakuambia ni wivu wa mapenzi. Mfundishe kwamba wivu unaoinua mkono si mapenzi. Na akiamua kuachana naye, asitembee peke yake, kwani kipindi hicho ndicho chenye hatari kubwa.

Tatu, nenda shuleni. Andika tarehe na kilichotokea, tunza ujumbe wa vitisho, kisha mwone mkuu wa shule na mwalimu wa malezi. Uliza mambo yanayoshikika: nani atawatenganisha darasani, nani atamwangalia njiani, na lini mtakutana tena.

Nne, kama ameumizwa au ameingiliwa, usisubiri kikao cha ukoo. Hospitali kwanza. Dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya Ukimwi lazima zianze ndani ya saa 72. Polisi wana fomu ya PF3 na Dawati la Jinsia na Watoto, na simu namba 116 hupokea taarifa za watoto bila malipo. Mzee akisema, "Walikubaliana hao," mkumbushe Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998: ridhaa ya mwanafunzi aliye chini ya miaka 18 haihesabiki. Mbuzi wa kusuluhisha hafuti kosa la jinai. Na kama ni mjamzito, ajue kwamba tangu Novemba 2021 Serikali imeruhusu wanafunzi waliojifungua warudi shuleni. Mlango haujafungwa.

Tano, nawageukia wazazi wa mvulana. Mkiitwa shuleni, msiende kutetea jina la familia. Mwanao akisamehewa kofi la leo, kesho atalipeleka kwenye ndoa yake. Mkalishe chini, mwambie kosa lake kwa jina lake, akubali adhabu ya shule, na baba mwenyewe ajiulize kijana huyo aliyaona wapi mambo hayo.

Wapare wana msaragambo. Siku ya msaragambo kila nyumba hutoa mtu, barabara ikachimbwa au mfereji ukasafishwa, kwa sababu hakuna anayeyaweza peke yake. Usalama wa mtoto njiani ni kazi ya namna hiyo. Bibi aliye Myamba hawezi kuibeba peke yake huku baba akituma pesa tu kutoka Kariakoo. Jioni ya leo mpigie mwanao simu. Kabla ya kuuliza alama za mtihani, muulize anatembea na nani, na kama kuna mtu anamtisha. Kisha unyamaze, umsikilize mpaka amalize.