Maumivu, Wasiwasi na Dawa: Maelezo kwa Wakazi wa Kata ya Busisi



Mvuvi akichomwa na ndoana ya sangara ziwani, huku upepo mkali ukivuma, aghalabu huendelea kupiga kasia hadi mwaloni. Maumivu humjia akiisha kutua. Watu husema ana roho ngumu, lakini elimu ya tiba ina maelezo yake.

Juu ya kila figo imekaa tezi ndogo iitwayo adrenali. Mtu anaposhtuka, tezi hizo humimina adrenalini na kotisoli katika damu, na ubongo nao hutoa endofini. Homoni na kemikali hizi hufanya kazi zinapokutana na vipokezi vyake mwilini, mfano wa ufunguo na kufuli. Endofini hushika vipokezi vile vile vinavyoshikwa na mofini ya hospitalini, ndiyo maana maumivu hupungua kwa muda. Mwaka 1946 Dkt. Henry Beecher wa Marekani aliandika kuhusu askari 215 waliojeruhiwa vibaya vitani: takriban robo tatu yao walipoulizwa hawakutaka dawa ya maumivu.

Wasiwasi wa siku nyingi huleta kinyume chake. Mwenye deni lisilolipika au mwenye kuuguza huishi na homoni hizo usiku na mchana. Usingizi humtoka, neva zake huwa nyepesi kuhisi maumivu, na vidonge vilivyokuwa vikimtuliza huonekana havimfai tena. Hapo ndipo penye hatari, kwani huongeza dozi au hununua dawa nyingine bila ushauri. Diklofenaki ikizidi hudhuru tumbo na figo. Deksamethasoni hushika vipokezi vya kotisoli. Ikitumiwa muda mrefu, tezi za adrenali husinzia, na kuiacha ghafla kwaweza kuhatarisha maisha.

Kwa hiyo, mwenye maumivu yasiyokwisha afike zahanati au kituo cha afya. Amweleze mhudumu panapouma, jinsi anavyolala, yanayomsumbua moyoni, na vidonge vyote alivyokwisha kumeza. Anayetumia deksamethasoni kwa muda mrefu asiiache kwa uamuzi wake mwenyewe.

Mama mjamzito naye ajadiliane mapema na wahudumu kuhusu mtu wa kumsindikiza. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mama awe na msindikizaji amtakaye wakati wa uchungu, kwa kuwa anayetulizwa hupungukiwa na hofu, na mara nyingi huhitaji dawa kidogo zaidi za maumivu.

Zamani mgonjwa wa rufaa kwenda Bugando alingoja kivuko, wasiwasi ukimzidishia maumivu. Tangu Juni 2025 Daraja la J.P. Magufuli limeondoa kungoja huko. Wasiwasi uliobaki majumbani haufai kufichwa. Upelekwe kwa mhudumu pamoja na maumivu yenyewe.